Wageni wanataka kuona utamaduni Ukerewe na Ukara, nianzie wapi?

BintiKirumba
Wakuu habari za jioni. Shangazi yangu anakuja Mwanza na wanawe, yeye ni mwalimu wa sanaa, Saanane na Jiwe la Bismarck alishaviona, safari hii anataka visiwani kabisa, ngoma, ususi, wazee wenye historia yao. Nimewaza Ukerewe na Ukara. Tunafikaje, na kuna utaratibu gani wa kuonana na wazee? Sitaki tuwaendee watu kama tumeenda mbugani kuangalia swala.

Omukerewe
Karibuni sana dada. Kuna meli ya Mwanza hadi Nansio, au mnazunguka kwa gari Bunda mpaka Kisorya mnavuka kwa kivuko kuja Rugezi. Msikose Bukindo kwenye jumba la mtemi, halafu kilima cha Handebezyo. Huyo shangazi kama ni mtu wa sanaa mfikishe na Kagunguli, ndiko alikoishi mzee Aniceti Kitereza, aliandika riwaya nzima kwa Kikerewe akaimaliza 1945, kuja kutoka kwa Kiswahili ni 1980 na mwaka uliofuata mzee akafariki. Inaniuma sana vijana wetu wengi hawamjui. Na mkifika ulizieni mpiga enanga, ile ala yetu ya nyuzi, wamebaki wachache, msikilizeni nyumbani kwake jioni akiwa ametulia, sio kumuita hotelini apige nyimbo mbili mpige picha basi.

Kaka_wa_Bwisya
Ukerewe sawa ila Ukara ndio kwenyewe, mnavukia Bugolora. Wengi wanakimbilia jiwe linalocheza, ni zuri lioneni, ila lina wenyewe, muende na mzee wa pale na mfuate atakavyowaelekeza. Mimi ningeomba shangazi aone kilimo cha Wakara, kwangu hiyo ni sanaa kamili. Kisiwa ni kidogo watu wengi, tangu enzi za mababu ng'ombe anafungiwa ndani kwenye shimo, analetewa majani yaliyokatwa, samadi inajaa humo humo mpaka shimo linapanda, wanaichota wanabeba kichwani hadi shambani. Kwenye uwele walikuwa wanapanda marejea katikati, mmea wa kurutubisha udongo, uwele ukivunwa marejea yanabaki yanakua, baadaye yanafukiwa ardhi ipate nguvu, msimu mwingine njugu mawe zinaingia. Bibi akikuonyesha shamba lake anakuambia kila mti ni wa nani. Kaeni naye nusu siku, msaidieni hata kubeba majani.

Jambo lingine, Bwisya yapo makaburi ya ndugu zetu wa MV Nyerere, kivuko kilichopinduka tarehe 20 Septemba 2018, walikufa zaidi ya 220. Mkipita pale simu mfukoni tafadhali.

MamaNtilie_Igoma
Mdogo wangu hapo kwenye utaratibu, anza kwa mwenyekiti wa kijiji, mpigie kabla, mwambie mko wangapi na mnataka nini, yeye atakupeleka kwa wazee. Hela ya ngoma mpatane mapema na mumpe kiongozi wa kikundi mkononi mbele ya wenzake, zikipitia kwa dalali wachezaji wanaambulia soda. Mkeka ukiupenda nunua kwa aliyeusuka, usimkandamize bei, ukindu ameutafuta mwenyewe akauanika akaupaka rangi. Picha ombeni kwanza, watoto waombeeni kwa mama zao. Na laleni huko huko, ukienda asubuhi ukarudi jioni unaona bandari tu.

BintiKirumba
Asanteni mno, nimesoma na shangazi kwenye simu kafurahi hilo la shamba kuliko yote. Je akitaka ngoma za Wasukuma nazo?

MamaNtilie_Igoma
Hizo ni Bujora, Kisesa, hata kisiwani huendi. Kuna makumbusho alianzisha Padri David Clement miaka ya 50, na sikukuu ya Bulabo mwezi wa sita Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma, wanashindana hapo, kuna wanaocheza na majembe na wanaocheza na nyoka. Kama wageni wanaweza kusogeza safari hadi Juni, wasogeze.

Kaka_wa_Bwisya
Dada njoo inbox nikuunganishe na mwenyekiti wa kwetu, na boti pandeni ya asubuhi, mchana upepo unaanza.