MREJESHO: Mama aliyepoteza maneno baada ya kiharusi

Wakuu, nimerudi kushukuru. Niliwaeleza kuhusu mama yangu, tuko Tukuyu: baada ya kiharusi anaelewa ila maneno hayatoki, tukimuuliza jambo analia.

Nimefuata ushauri wa yule nesi: swali moja, fupi, la ndiyo au hapana, kisha ninyamaze hadi nihesabu kumi. Pia tumerudi kwenye Kinyakyusa chake. Juzi nilimshikia kikombe cha chai na cha maziwa. Akagusa cha maziwa, midomo ikatetemeka, akakitaja. Nilitoka nje nikalia.

Kadi za picha zimegoma, anazisukuma. Vitu vyenyewe anavitambua. Usiku bado anachanganyikiwa, anataka kutoka kwenye baridi. Taa ndogo imepunguza, haijamaliza.

Uliyesema tusimjibie mbele ya wageni, Mungu akubariki sana.