GPU imekwama forodha: BOR286 au C285?

Mama Ilham, Leicester:
Assalamu alaikum wanajamii, shikamooni wakubwa. Ile GPU, yaani kadi ya picha ya kompyuta, aina ya 5070 Ti, niliyomwagiza mpwa wangu Marekani, ya kuhariria video zangu za harusi, imeshikwa. Kijana alilipa dola 829, akaandika "zawadi". Forodha wameikadiria pauni 900: VAT 180, na ada ya wasafirishaji juu. Kudai kodi irudishwe, najaza fomu ya BOR286 au C285? Na nilipe kwanza au nisubiri?

Fundi wa Reading:
Shangazi, zawadi isiyotozwa kodi mwisho wake pauni 39. Mpwa kakuponza. NVIDIA, wenye kadi hizi, walitangaza pauni 729, kodi ikiwemo, ila 5070 Ti hawakuitengeneza wenyewe kama 5080, wakayaachia makampuni mengine, akina Asus na MSI. Za 729 zikawa za kuhesabu. Ukiamka zimebaki za "OC", zilizoongezwa kasi kiwandani: kasi kiduchu, bei mlima.

Mkereketwa:
Marekani ilitoka kwa 749. Sisi huku tunanyonywa tu.

Fundi wa Reading:
Ndugu, soma kabla ya kuandika. 749 ni dola, na kodi ya jimbo haimo. Toa VAT kwenye 729 yetu, inabaki kama 607. Unyonyaji uko dukani, si kwenye tangazo.

Mzee Kijiweni, Coventry:
Mimi nilitaka 5090, ile kubwa yao, kwa ajili ya kijana. Januari 30, 2025, saa nane mchana tumekaa mkao wa kula, bei pauni 1,939. Kufumba na kufumbua, hakuna. Nikaipata kwa mlanguzi, 2,900, kwenye maegesho ya supamaketi, amevaa kofia kama mwizi. Nikamkumbuka Waziri Mkuu Sokoine na vita yake dhidi ya walanguzi.

Bi Mkubwa wa Tanga:
Ya 1983! Watu walimwaga sabuni na vitenge mabondeni usiku.

Mkereketwa:
Sokoine hakuleta bidhaa. Foleni ya duka la kaya, la bidhaa za mgao, ilibaki palepale.

Mzee Kijiweni:
Wewe 1983 ulikuwa wapi? Sisi tulikula unga wa Yanga, ule wa mahindi ya njano, na tukanyamaza.

Mama Ilham:
Jamani, fomu.

Dada Subi, Luton:
Da Mama Ilham, BOR286 ni ya Royal Mail na Parcelforce. Kama ni kampuni nyingine ya vifurushi, C285. Ushuru wenyewe kwenye kadi za kompyuta ni sifuri, ni VAT tu. Mwakani mwambie mpwa aje nayo begini.

Fundi wa Reading:
Begini bila kodi ni pauni 390 tu, Dada Subi! Ikizidi unalipia yote, siyo ile ziada. Usimtie mwenzio matatani.

Dada Subi:
Sawa, mwanasheria.

Bi Mkubwa wa Tanga:
Ule unga ulikuwa na harufu yake. Leo ningeupata, na dagaa la kukaanga na limau, ningeusonga mwenyewe.

Mzee Kijiweni:
Leicester kuna duka linauza dagaa wa Mwanza. Mama Ilham, bado lipo?

Mama Ilham:
Lipo, hufunga saa kumi na mbili. Na hiyo 180, nilipe au nisilipe?