Tupeane uzoefu: Diwani akija kusoma bajeti na habari za kata, panaharibika wapi?

Mdau wa Mtaa
Wakuu, salaam. Mikutano ya mitaa na vijiji imeanza kuitishwa, na kama kawaida diwani atapewa nafasi ya kutoa mrejesho wa maendeleo. Mara nyingi mrejesho wenyewe ni mvua ya mamilioni: darasa milioni 20, zahanati milioni 50, barabara iko njiani. Makofi yanapigwa, wiki ya pili watu wanaulizana hela ziko wapi. Humu kuna watendaji, wahasibu, wajumbe wa kamati za ujenzi na madiwani wenyewe. Wekeni mnachokijua: asome nini, aanze na lipi, na wapi huwa panaharibika.

Mtendaji Mstaafu
Panaharibika pale diwani anaposoma bajeti iliyopitishwa kana kwamba ni hela iliyokwisha kufika. Baraza la madiwani likipitisha bajeti limetoa ruhusa ya kukusanya na kutumia, basi. Mradi uliopangwa kwa mapato ya ndani unategemea makusanyo: ushuru wa mazao, ushuru wa huduma, leseni, vibanda vya soko, machinjio. Makusanyo yakishuka, mishahara ya vibarua na posho za vikao hulipwa, miradi ndiyo inayosubiri.

Kwa hiyo kila mradi usomewe namba nne, kwa shilingi na siyo kwa asilimia: zilizotengwa, zilizopokelewa, zilizotumika, na bakaa, yaani zilizobaki. Mfano: choo cha shule, zilizotengwa milioni 18, zilizopokelewa milioni 7, zilizotumika milioni 6.4, bakaa laki 6. Hata bibi asiyejua kusoma ataelewa kwamba milioni 11 bado hazijaja, na swali lake litaelekea mahali pake: zinakuja lini, na nani anazifuatilia?

Ukisoma "utekelezaji asilimia 91" kwa mradi huohuo, umesema kweli kwa mahesabu ya matumizi (6.4 kati ya 7) na umewapotosha watu wote waliokaa pale.

Mama Kamati
Umemaliza mzee wangu. Namba nne tu.

Boda wa Njia Panda
Yote sawa, lakini barabara yetu je? Diwani kila mkutano anasema ameipeleka kwenye baraza. Mwaka wa tatu huu. Diwani asiye na barabara ana kazi gani?

Karani wa Vikao
@Boda, mkuu, hapo diwani wako anakosea kuwajibu, na nyie mnakosea kumdai. Tangu Julai 2017 barabara za mijini na vijijini zilitoka halmashauri zikaenda TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Bajeti yake haiko kwenye kitabu cha halmashauri. Diwani anapeleka kipaumbele, meneja wa TARURA wa wilaya anakuja kwenye baraza kueleza, hela yenyewe inatoka Mfuko wa Barabara na serikali kuu. Maji vijijini ni hivyohivyo: tangu Julai 2019 ni RUWASA, wakala wa maji vijijini, na chini yake kuna chombo cha watumia maji ambacho kinauza maji na kinapaswa kuwasomea mapato na matumizi.

Mrejesho mzuri unagawa habari kwa mwenye hela. Kwanza za halmashauri, pili za serikali kuu zilizoletwa kwenye vituo, tatu TARURA, nne maji, tano mfuko wa jimbo, sita michango yenu wenyewe. Kila fungu ataje ofisi ya kuulizwa. Mkichanganya vyote kwenye chungu kimoja, kila mradi unakuwa wa diwani ukifanikiwa, na ukikwama hauna mwenyewe.

Boda wa Njia Panda
Kwa hiyo anakwepa lawama kwa kutuonyesha ofisi nyingine? Tulimchagua yeye, siyo meneja.

Karani wa Vikao
Hapana. Amlete meneja mkutanoni, au aje na barua ya majibu yenye tarehe na urefu wa kipande kitakachochongwa. Akija mikono mitupu mara ya pili, hapo una haki ya kumbana.

Mjumbe wa Shina
Na huo mfuko wa jimbo, kwa nini diwani asitumie fungu lake kuchonga hiyo barabara?

Karani wa Vikao
Diwani hana fungu. Mfuko wa jimbo ni wa sheria ya 2009 na mwenyekiti wa kamati yake ni mbunge. Kata inapeleka maombi kama wengine.

Mwenyeji wa Bondeni
Mada hii imenikumbusha kata moja, jina lake naliacha. Kijiji kilikuwa kinajenga zahanati kwa nguvu za wananchi. Kila kaya elfu kumi, wasio na pesa walisomba mchanga na mawe. Tofali zilikuwa za udongo za kuchoma, kuta zikafika usawa wa lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha. Zimebaki lenta, kozi chache, kenchi na bati.

Diwani akaja mkutanoni na habari njema: bajeti imepita, milioni 50 za kumalizia zahanati. Watu walishangilia, na mkutano uleule ukaazimia michango isimame, kwa sababu serikali imechukua mzigo. Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi alisimama akaomba angalau lenta imwagwe kwanza kwa michango iliyobaki. Akazomewa, ati anataka kuendelea kula.

Mwaka wa fedha ukaisha tarehe 30 Juni, hela haikuingia. Masika yaliyofuata yakazikuta kuta hazina lenta wala paa. Tofali za juu zilikuwa hazijaiva vizuri, maji yakaingia kutoka juu, ukuta wa upande wa mlango ukaegemea nje, usiku mmoja ukalala chini na kuvuta kona mbili. Mkutano uliofuata watu walikuja na stakabadhi zao za elfu kumi mkononi. Mama mmoja hakuongea kitu, aliweka yake mezani mbele ya diwani akarudi kukaa. Wakafuata wengine, meza ikajaa karatasi. Mtendaji alifunga mkutano kabla ya ajenda ya pili.

Hakuna aliyeiba hapo, hesabu zilikaguliwa shilingi kwa shilingi. Sentensi moja tu haikusemwa: "Zimetengwa, hazijafika; msisitishe michango ya lenta."

Mama Kamati
Nimeishiwa nguvu.

Mjumbe wa Shina
Mimi bado sielewi. Diwani alisema uongo au hakusema?

Mtendaji Mstaafu
Aliyosema yalikuwa kweli. Hakueleza hela inafikaje, na wananchi wakafanya uamuzi wa ujenzi kwa taarifa ya makisio.

Boda wa Njia Panda
Angelipa ukuta.

Mwenyeji wa Bondeni
Kwa posho gani, mkuu? Alichofanya baadaye ndicho kilichosaidia: aliandika maombi mapya yapitie kamati ya maendeleo ya kata, safari hii yakiwa na picha za jengo, makadirio ya fundi na muhtasari wa mkutano wenye sahihi.

Fundi Sanifu
Tusiishie kwenye hela iliyochelewa. Hata ikifika diwani anaweza kusoma namba safi kabisa na jengo likawa bovu. Miradi inayojengwa na mafundi wa kawaida ina kamati tatu: ujenzi, manunuzi, mapokezi. Kamati ya mapokezi ndiyo inayolegea. Haya waulizwe mbele ya watu:

Nondo. Ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 ina uzito wa karibu kilo 10.7. Ya milimita 10 ni kilo 7.4. Chukueni mzani wa mazao, ning'inizeni moja. Ikisoma kilo 8 na hati inasema milimita 12, msisaini. Tofauti hii ukiiangalia kwa jicho huioni, na kwenye lenta na nguzo ndiyo kila kitu.

Saruji. Ya daraja la 42.5 kwa zege, ya 32.5 kwa kujengea na kupiga lipu. Mfuko wa kilo 50 ukitoa tofali 30 hivi za inchi 6, sawa. Fundi akijisifu kutoa 50, hizo zitamomonyoka kwa kidole. Mwagilieni siku saba asubuhi na jioni.

Leja. Kinachoingia stoo kiandikwe siku hiyohiyo, kinachotoka kisainiwe na fundi. Diwani aje na leja mkutanoni, siyo na picha ya bango la mradi.

Mhasibu wa Kituo
Naongeza upande wa vituo. Hela nyingi za shule na zahanati siku hizi zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo na kurekodiwa kwenye FFARS, mfumo wa hesabu za vituo. Diwani asisubiri makaratasi ya wilayani. Wiki mbili kabla ya mkutano amwombe mkuu wa shule na mganga mfawidhi taarifa ya benki ya robo nzima, ailinganishe na muhtasari wa kamati.

Kuna hesabu ambayo mzazi yeyote anaweza kuifanya. Ruzuku ya elimu bila malipo, iliyoanza 2016, kwa shule ya msingi ilipangwa 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka: 6,000 zinakwenda shuleni, 4,000 zinabaki juu kwa ajili ya vitabu. Shule ya wanafunzi 800 ingepata 4,800,000 kwa mwaka, yaani laki nne kwa mwezi. Hapo ndani kuna chaki, ukarabati, mitihani, michezo na uendeshaji. Diwani akiisoma hivyo, mjadala wa mchango wa mlinzi unakuwa wa watu wazima. Asipoisoma, mwalimu mkuu anaitwa mwizi kwa laki nne.

Mama wa Nyumba Tano
Na ile kodi ya LUKU? Kila mtu anakatwa, diwani hasemi chochote.

Mhasibu wa Kituo
Ile ni kodi ya jengo, mama, na inakatwa kupitia umeme tangu 2021. Julai 2023 ilipanda kutoka 1,000 hadi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Haiko kwenye makusanyo ya mtendaji wenu. Kama nyumba moja ina mita mbili na zote zinakatwa, peleka namba za mita zirekebishwe.

Dada wa Kikundi
Jamani mikopo ya asilimia kumi nayo isomwe vizuri. Ni ya mapato ya ndani: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, haina riba. Ilisimamishwa 2023 ikarejea 2024. Kosa kubwa ni diwani kutaja majina ya vikundi "vilivyopata" wakati vimepita kata tu. Bado wilaya inahakiki, bado mkataba. Vikundi vinaanza kukopa kwa watu vikisubiri. Asome pia marejesho: kikundi gani hakijarudisha na kiasi gani, kwa sababu fungu hilohilo ndilo linalozunguka.

Mjumbe wa Shina
Kusoma majina ya wadaiwa hadharani ni kudhalilisha watu. Sikubali.

Dada wa Kikundi
Hela ni ya umma, kaka. Lakini sawa, atangaze jina la kikundi, siyo la mtu.

Kijana wa Mtandao
Mikutano yote ya nini? Aweke kwenye grupu la WhatsApp, yaishe.

Mama wa Nyumba Tano
Mwanangu, nusu ya mtaa wana simu za kitochi.

Mtendaji Mstaafu
Vyote viwili. Karatasi moja ya namba nne ibandikwe ofisi ya mtaa siku saba kabla, picha yake iende kwenye grupu, mkutanoni iwe ni maswali. Na anayetaka zaidi aende akakae kwenye baraza la madiwani, vikao vyake ni vya wazi.

Mdau wa Mtaa
Wakuu, swali moja. Tukitaka lenta ya shule iingie bajeti ijayo, tuseme lini?

Karani wa Vikao
Kabla ya Novemba. Mkutano wa mtaa uazimie, muhtasari usainiwe, uende kamati ya maendeleo ya kata, kisha kwa afisa mipango. Januari na Februari baraza linapitisha, baada ya hapo ni mkoa, TAMISEMI na Bunge. Mkilisema Juni mmeongea na mwaka mwingine. Na andikeni vipaumbele vitatu tu, kwa mpangilio. Kata ikileta ishirini, wa kupanga anachagua yeye.