Duka la picha limetupa nega zangu za mikanda mitatu, halafu linaniuliza "si umeshapata picha kwenye simu?"

Wakuu, heshima kwenu. Siku tatu nimejizuia nisiandike nikiwa na hasira. Hasira haijaisha, naandika nayo hivyo hivyo.

Mimi ni mtu wa Tanga, napiga picha za mandhari na safari kwa kamera ya mkanda. Mwezi uliopita nilituma kwa basi mikanda minne ya rangi kwenda duka moja Dar, jina silitaji, wasafishe na kuskani. Mitatu ya Kodak aina ya Portra 400, mmoja Kodak Gold 200, kila mmoja picha 36. Sh 25,000 kwa mkanda, laki nzima, nikalipa kabla. Ndani ya kifurushi niliweka karatasi kwa herufi kubwa: NEGA ZANGU ZOTE ZIRUDI. Nega ni ule mkanda wenyewe ukishasafishwa, wenye picha ndani yake.

Siku ya kumi na moja simu ikaanza kulia. Picha zinaingia WhatsApp, moja moja. Nikasubiri kifurushi, kimya. Nikapiga. Dada wa kaunta akanijibu bila wasiwasi wowote: "Kaka, nega huwa tunatupa, wateja wenyewe hawazifuati. Si umeshapata picha kwenye simu?"

Hapo ndipo niliposhindwa hata kusema.

Nega ndiyo picha yenyewe! Kile kilichoingia kwenye simu ni mashine tu imeisoma nega mara moja, siku hiyo, kwa mkono wa mtu aliyekuwa na haraka. Ikisomwa vibaya leo, kesho unairudia. Hata baada ya miaka ishirini unairudia, ukiwa na skana nzuri zaidi na macho yaliyokomaa. Ukiitupa, umefunga mlango. Ni sawa na fundi cherehani kukuletea picha ya kanzu yako na kukwambia kanzu ameshaitupa.

Na walichonitumia ni nini? Nukta 1,500 kwa 1,000. Nega ya milimita 24 kwa 36 ukiiskani kwa nukta 4,000 kwa inchi inakupa zaidi ya 5,600 kwa 3,700, karibu megapikseli 21. Wao wamenipa moja na nusu, halafu WhatsApp nayo ikaiminya. Ukitaka kuichapa ikae safi, utapata kama sentimita 12 kwa 8. Kigombe kuna mzee fundi wa mashua, alinikalisha kivulini asubuhi nzima akiniruhusu nimpige picha akiziba nyufa za dau kwa pamba. Nikamwahidi picha kubwa ya kutundika sebuleni. Sasa nimpelekee saizi ya kiganja?

Tuje kwenye rangi. Irente, Lushoto, nilifika ukingoni kabla jua halijatoka. Ukungu umelala juu ya mashamba ya mkonge kule chini Mazinde, na ukungu wa saa ile ni wa bluu, kila aliyepanda kule anajua. Mashine yao imeona bluu ikadhani ni kosa, ikaisawazisha mpaka ikawa nyeupe kama saa sita mchana. Hakuna aliyeangalia. Wangenirudishia nega ningeiskani upya na bluu yangu ningeipata, kwa sababu imo humo. Ilikuwamo.

Picha za magofu ya Tongoni ndizo zimeniuma zaidi. Zile nguzo za makaburi za mawe ya matumbawe, jua la jioni limezipiga ubavuni, zimetoka waridi kwenye mwanga na kijani kwenye vivuli, pamoja, kwenye picha moja. Hiyo huwezi kuirekebisha kwa kompyuta kirahisi: ukitoa kijani kivulini unazidisha waridi kwenye mwanga. Nikalalamika, nikaambiwa "filamu ndivyo zilivyo kaka, labda mkanda wako ume-expire." Mkanda ulikuwa na miaka miwili mbele, na ulikaa kwenye friji mpaka siku ya safari.

Mungu si Athumani, mkanda huo wa Tongoni ndio pekee uliopatikana, eti ulikuwa umedondoka nyuma ya meza. Ukaja umekunjwa ndani ya bahasha ya kaki, una alama za vidole, na picha ya nne imekatwa katikati na mkasi. Nikauweka dirishani nikaangalia kingo. Wapiga picha wa mkanda mnajua: yale maandishi na namba za pembeni yanachomwa kiwandani kwa mwanga, kamera yangu haiyagusi. Yakitoka yamekolea halafu picha ni hafifu, kosa ni langu. Ya kwangu yamefifia pamoja na picha. Maana yake dawa ya kwanza, ile inayoitoa picha kwenye mkanda, haikufanya kazi yake. Dawa ile inataka nyuzi joto 37.8, dakika 3 na sekunde 15, mkanda uwe wa Kodak au wa Fuji. Ama joto lilishuka, ama dawa imechoka. Duka linalosafisha mikanda michache dawa inakaa kwenye tangi wiki na wiki, hewa inaila, na mteja anayefuata ndiye anayelipia.

Kwa hiyo kwa mikanda ile mitatu wametupa picha zangu pamoja na ushahidi wa kosa lao.

Nimedai pesa yangu, nimeambiwa bosi yuko safari. Mnaotaka kutuma mikanda popote, ulizeni kabla hamjalipa: nega zinarudi? Skani ya nukta ngapi? Dawa mmebadilisha lini? Akianza kubabaika, chukua mkanda wako uondoke.

Na naomba msaada. Kama kuna mtu Tanga, Muheza au hata Dar anayesafisha rangi mwenyewe nyumbani, kwa beseni la maji moto na kipimajoto, aniambie dawa anaagizaje na inamkalia muda gani kwa joto letu hili. Nina mkanda wa tano, wa Pangani, uko kwenye friji tangu niliporudi. Dukani siupeleki tena.