Kulea mtoto wa mbwa atakayemwongoza asiyeona, hapa Kigoma: nianzie wapi?

Binti_Mwanga
Habari zenu wakuu. Nimekubali kujitolea kulea mtoto wa mbwa aina ya Labrador, ana wiki 8. Nitakaa naye mpaka miezi 14 hivi, kisha mkufunzi atamchukua amfundishe kumwongoza mtu asiyeona. Nipo Mwanga, nyumba ya uani, kuna watoto wawili na kuku. Majirani wengi ni Waislamu, sipendi kuwakwaza. Nimfundishe nini, nimlishe nini, na kwa huku kwetu nijihadhari na nini hasa?

Fimbo_Nyeupe
Hongera sana dada. Suala la kuongoza mwachie mkufunzi. Yako ni kumkuza mbwa mtulivu, ambaye honi, umati na ngazi havimshtui. Kati ya wiki 3 na 14 mtoto wa mbwa hupokea vitu vipya kirahisi. Asichokutana nacho kipindi hicho mara nyingi hukiogopa ukubwani. Kwa hiyo una wiki 6 tu, na chanjo zake bado hazijakamilika.

Njia ni kumbeba. Mweke kwenye kikapu au mfunge kifuani kwa kanga, mpeleke soko la Mwanga, stesheni, kijiwe cha bodaboda, asikie adhana na mashine ya kusaga. Miguu isiguse ardhi. Dakika 10 au 15 zinatosha. Akianza kulamba midomo, kupiga miayo bila usingizi au kufyata mkia, rudi nyuma hatua kadhaa mpaka atulie, mpe kipande cha nyama, ndipo usogee tena. Ukimlazimisha akiwa na hofu, hofu ndiyo itakayokaa.

Haja: mtoe kila akiamka, akimaliza kula na akimaliza kucheza, na daima akiwa kwenye kamba. Chagua neno moja, mfano "haja", liseme anapoanza tu kujisaidia, kisha msifu. Kamba ni muhimu kwa sababu asiyeona lazima ajue mbwa wake amejisaidia wapi na saa ngapi. Aliyezoea kuachiwa azunguke uani atakuja kukataa kujisaidia kwenye kamba, na hilo humsumbua mkufunzi sana.

Jambo la pili kwa uzito ni kuokota vyakula njiani. Kigoma dagaa wamo kila mahali, na mwenye mbwa hataona mfupa uliotupwa. Fumba dagaa mmoja kwenye kiganja cha kulia, mpelekee puani. Atalamba, atakwangua kwa ukucha. Wewe kaa kimya. Sekunde atakayoondoa pua, sema "vizuri" na umpe kipande kingine kwa mkono wa kushoto. Dagaa wa mkono wa kulia hapewi kamwe. Akishaelewa ndipo uongeze neno "acha", kisha uweke dagaa chini ukiwa tayari kumfunika kwa mguu.

Kutembea: mkanda wa shingo wa kawaida, kamba ya mita 1.5 hadi 2, mbwa kushoto kwako. Akivuta, simama. Kamba ikilegea, endelea. Wanafamilia wote wafanye hivyohivyo. Akivuta kwa mtoto mmoja na kufanikiwa, kazi ya wiki nzima imepotea.

Mganga_wa_Mifugo_Tabora
Naongeza upande wa afya. Chanjo ya parvo na distempa, magonjwa ya virusi yanayoua watoto wa mbwa, hurudiwa kila wiki 3 hadi 4 mpaka afike wiki 16. Ya kichaa akiwa na wiki 12. Dawa hizo hukaa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, kwa hiyo ikiletwa mfukoni bila barafu, ikatae. Kirusi cha parvo hudumu kwenye udongo miezi mingi. Sakafu ya saruji ioshe kwa sabuni kwanza, halafu jiki, kipimo 1 kwa maji vipimo 30, iache dakika 10.

Mbung'o ndio wanaonitia wasiwasi zaidi ukimsafirisha kupitia mapori ya Uvinza, Kaliua au Urambo. Nagana, ugonjwa wanaoueneza mbung'o hao, humpa mbwa homa, uso kuvimba na macho kuwa na ukungu mweupe wa bluu, na huua ndani ya wiki chache. Ukiona jicho limefifia, usingoje kesho. Dawa ya ng'ombe ya nagana isichomwe kwa kukisia: ikizidi kidogo tu huharibu ubongo wa mbwa, kwa hiyo apimwe uzito kwanza. Na kama utamvika kikoti cha mafunzo, kisiwe cha bluu wala cheusi. Mitego ya mbung'o hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizohizo kwa kuwa zinawavuta.

Kupe: kagua kila jioni ndani ya masikio, kati ya vidole na chini ya mkanda. Mng'oe kwa kibanio karibu na ngozi. Mafuta ya taa yanachoma, usitumie.

Chakula mara 4 kwa siku mpaka miezi 4, mara 3 mpaka miezi 6, halafu mara 2. Dagaa wa mchangani waloweke na kuwasuuza mpaka maji yaache kutua mchanga. Labrador ni mlafi: mbavu zake uzihisi kwa vidole bila kubonyeza.

Ujiji_Kwetu
Kuhusu majirani, waambie kabla hajafika. Kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi wetu, mate na unyevu wa mbwa ni najisi, na panapoguswa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Kwa hiyo asirukie watu wala kulamba mikono, asitembezwe akiwa amelowa, awe na bakuli na kitambaa chake, na asikanyage mkeka wa kuswalia. Ukipanda bajaji, muulize dereva kwanza, mtandikie gunia miguuni. Na watoto wa mtaa waite wamwone akiwa bado mdogo, kwa sababu jiwe moja likimpata akiwa na wiki 9 linaweza kumfanya akimbie watoto maisha yake yote.

Binti_Mwanga
Nashukuruni sana. Na kuku je?

Fimbo_Nyeupe
Kuanzia siku ya kwanza, akiwa kwenye kamba, kaa naye mita 5 kutoka kwa kuku. Kila akimtazama kuku kisha akakugeukia, mpe chakula. Sogea nusu mita kila siku 2 au 3. Asiachwe nao peke yake hata mara moja, maana akishawahi kumkimbiza mmoja, ladha ya mbio haimtoki.