Mrejesho: Blanketi la viraka limekamilika

Ndugu zangu, niliuliza niweke nini katikati ya blanketi la viraka, kwa kuwa tangu nistaafu na kuhamia shambani Molo sijapata pamba ya kujazia. Nilifuata ushauri wa kutumia blanketi jepesi la mitumba, nikavifua kwanza vitenge vyote ili vinywee na kutoa rangi ya ziada kabla ya kukatwa, kisha nikayashikiza matabaka matatu (viraka juu, blanketi katikati na kitambaa cha chini) kwa pini na kuyashona kwa mkono kutoka katikati kuelekea pindoni, ili kitambaa kisijikunje. Limelala sawasawa. Mashine ninayo, lakini jioni za baridi hakuna raha kama kushona kazi yenyewe ikiwa imenifunika magoti. Sasa naanza la mjukuu wangu, la leso tupu. Asanteni sana.