Nimerithi dripa, kila nikivuta mara ya tatu napata ladha ya moto. Nakosea wapi?

#1 Mgeni wa Mvuke

Wakuu habari za muda huu. Naenda moja kwa moja kwenye mada.

Nina miezi saba sijagusa sigara. Kilichonitoa huko ni vepu (sigara ya kielektroniki) ndogo ya kalamu, ile ambayo koili, yaani waya wa kupasha juisi, ikichoka unabandika nyingine ya dukani na maisha yanaendelea. Wiki iliyopita rafiki yangu kahamia kwenye tenki linalohifadhi juisi ndani, akaniachia dripa yake (ile unayodondoshea juisi mwenyewe juu ya koili) ya milimita 24 ya koili mbili, na waya wa kusokotea koili, kanthali namba 26 na mfuko wa pamba juu. Akanielekeza kwa simu: nikasokota koili mizunguko saba saba kwenye kijiti cha milimita 3, nikafunga kwenye nguzo, nikapitisha pamba, nikadondoshea juisi. Modi yangu, yaani mwili wenye betri, ina chipu, inasoma omu 0.48 (ukinzani wa koili). Nimeweka wati 50.

Pafu (mvuto) ya kwanza, wakuu, sijawahi kuonja kitu kama kile. Ya pili safi. Ya tatu ni kama nimevuta tambi ya jiko la mafuta ya taa. Nikiongeza matone, yanachuruzika kwenye matundu ya hewa na kulowanisha mkono, na bado inaungua! Halafu kichwa kinazunguka na nasikia kichefuchefu. Juisi ni ileile niliyokuwa natumia kwenye kalamu, nikotini 12 (miligramu kwa mililita), nusu PG (propilini glikoli) nusu VG (gliserini ya mimea).

Mengine mawili. Jamaa ananisukuma nichukue na bomba lake la shaba, modi isiyo na chipu, anadai ladha ni mara mbili. Na nina kichupa cha mafuta ya mnanaa hapa, je, tone moja litaharibu?

#2 Kibano cha Kauri

Karibu kwenye kazi ya mikono. Kabla hujagusa kitu kingine, toa kofia ya dripa utuambie pamba imeungua wapi na mikia yake ikoje. Usiongeze tone, usibadilishe wati. Pamba ndiyo itakayosema.

#3 Mzee wa Wati

Wati 50 kwa koili mbili ni kubembeleza mtoto. Panda 75. Na bomba lichukue, dripa bila bomba ni chai bila sukari.

#4 Mgeni wa Mvuke

@Kibano cha Kauri nimefungua. Katikati, ndani ya koili, ni kahawia inayoelekea weusi. Mikia yote minne imelowa chapachapa, na kidimbwi cha chini kina juisi hadi juu. Ndiyo maana sielewi, juisi ipo ya kutosha lakini inaungua.

#5 Kibano cha Kauri

Hapo hapo. Juisi ipo chini lakini haipandi. Umeikaba pamba. Ikibanwa sana ndani ya koili, njia za juisi zinaziba. Unavuta kile kilichokuwa katikati, halafu koili inabaki inachoma pamba kavu huku mikia inaogelea. Ingekuwa mikia mikavu na kidimbwi tupu, ningesema huongezi matone kwa wakati. Ingekuwa imeungua upande mmoja tu, ningeuliza kuhusu koili yenyewe.

Kwa hiyo ng'oa pamba yote. Kata kipande kipya, sokota ncha moja iwe nyembamba kama uzi wa kuingiza kwenye sindano, pitisha, kisha vuta taratibu. Unatafuta ukinzani mdogo: pamba inapita, koili inatikisika kidogo lakini haipindi. Koili ikifuatana na pamba, umezidisha. Pamba ikipita kama haijagusa kitu, ni kidogo, na utapata matone ya moto mdomoni. Mimi ilinichukua kama pamba kumi kuelewa hilo kwa vidole, na hakuna picha itakayokufundisha.

Mikia ikate kwa mshazari, ichambue kwa ncha ya kibano iwe laini, kisha iteremshe iguse sakafu ya kidimbwi. Iguse tu, usiishindilie. Na isizibe tundu la hewa.

Lakini kabla ya pamba mpya, koili zikiwa tupu, shusha wati hadi 15 na bonyeza kidogo kidogo. Zinatakiwa kuanza kuwaka katikati na moto usambae kwenda pembeni, zote mbili kwa pamoja. Ukiona doa moja limewaka peke yake, achia kitufe, kwangua koili kwa upole kwa kibano cha kauri, bonyeza tena. Usitumie kibano cha chuma huku umebonyeza, utapiga shoti. Wala usiwashe hadi ziwe nyekundu kali kama mkaa; mwanga hafifu unatosha.

Kuhusu kuvuja, usiongeze matone kwa sababu tu ladha imebadilika. Matone matano sita juu ya kila koili, acha pamba inywe, vuta. Ukiona mvuke umepungua na ladha inafifia, hiyo ndiyo kengele. Ukisubiri hadi iungue umechelewa, na pamba iliyoungua haifufuki hata uimwagie chupa nzima.

#6 Ampea Tu

Nimekuja kwa ajili ya hilo bomba, maana #3 kaongea kama anauza karanga.

Mgeni, modi yako yenye chipu inapima omu, inakataa kuwaka kukiwa na shoti, inakata chaji ikishuka sana. Bomba halina hata kimoja. Ni betri, swichi na dripa yako, basi. Kinachoamua umeme unaotoka ni koili uliyosokota mwenyewe, na hapa tunaongea na mtu ambaye jana kakaba pamba.

Piga hesabu. Betri ya 18650 (saizi ya kawaida ya betri za modi) iliyojaa ina volti 4.2. Gawanya kwa omu zako:
4.2 ÷ 0.48 = ampea 8.75. Hapo salama kwa betri nyingi nzuri.
4.2 ÷ 0.2 = ampea 21. Hapo betri nyingi zimeshazidiwa.
4.2 ÷ 0.1 = ampea 42. Hapo unashika kitu ambacho sitaki kukaa nacho chumba kimoja.

Namba ya kuangalia ni ampea za mfululizo, zile betri inazoweza kutoa bila kupumzika. Ile kubwa inayoandikwa mbele ya ganda mara nyingi ni ya mpigo wa sekunde chache. Na betri ya 18650 iliyoandikwa 9900 mAh (ujazo wa chaji) inakudanganya. Aliyedanganya hapo hatashindwa kudanganya kwenye ampea.

Halafu kuna mabomba ambayo dripa inakaa moja kwa moja juu ya betri. Pini ya katikati ya dripa isipochomoza kuliko nyuzi za skrubu, ncha chanya ya betri inagusana na mwili wa dripa, na hiyo ni shoti kamili. Dripa nyingi pini yake haichomozi vya kutosha.

Ganda la betri likichanika hata kama ukucha, ivalishe betri ganda jipya au itupe panapopokelewa betri. Na usiweke betri mfukoni na funguo. Mimi nilifanya hivyo mara moja, kwenye foleni, na sarafu mbili. Nilihisi paja linapata moto, nikadhani ni jua. Suruali ile bado ninayo, ina duara la kahawia ukubwa wa kizibo.

#7 Mzee wa Wati

@Ampea Tu sawa, nimekubali kwenye bomba. Nilianza na bomba miaka ile hakukuwa na chaguo la maana, nikabahatika. Wati 75 sirudishi nyuma lakini, akishajua pamba.

#8 Ampea Tu

Akishajua pamba, apande anavyotaka. Kwa sasa 35, kisha tano tano kwenda juu.

#9 Mama Pili

Jamani mnamfundisha mtu umeme na hamjamjibu kwa nini anazunguka kichwa.

Mwanangu, dripa inatoa mvuke mwingi kuliko kalamu yako kwa mbali sana. Juisi ileile ya 12 inakuingizia nikotini nyingi zaidi kwa kila pafu, na kichefuchefu ni mwili unakuambia imezidi. Iweke pembeni leo, pumzika, kunywa maji. Ukirudi, tafuta 3, au 6 kama hamu ya sigara bado inakusumbua. Zile za chumvi za nikotini usiweke kabisa humo, zimetengenezwa kwa vidude vidogo. Na chagua yenye VG nyingi, kama 70 kwa 30. Nusu kwa nusu ni nyepesi kama maji, ndiyo maana inakimbilia kwenye matundu, na PG ikiwa nyingi inakwaruza koo.

Mafuta ya mnanaa HAPANA. Wala tone. Mapafu hayajui kusafisha mafuta. Mnakumbuka ule ugonjwa wa mapafu uliozuka Marekani mwaka 2019? Hadi Februari 2020 walihesabu zaidi ya watu 2,800 waliolazwa au kufa, na kilichohusishwa zaidi ni asetati ya vitamini E, kitu cha mafuta kilichochanganywa kwenye katriji za bangi, nyingi za mitaani. Kitu kuwa salama kwenye chakula au kwenye ngozi hakukifanyi kuwa salama kukivuta. Ladha ya mnanaa utaipata kwenye juisi iliyotengenezwa kwa kuvutwa.

Na kama kuna watoto nyumbani, chupa iwe juu na imefungwa. Nikotini ikimwagikia mkononi nawa, usifute kwenye nguo. Dripa inalowesha vidole kila siku, siyo kama kalamu.

#10 Kimya Kimya

Swali la pembeni: kwa nini asichukue tenki tu kama rafiki yake? Mimi nimedripu mwaka mzima, ladha haina mpinzani, ila siku nikiendesha gari natamani kuitupa dirishani.

#11 Kibano cha Kauri

Ana hoja. Dripa ni ya kukaa nayo, siyo ya barabarani. Ila ukijua kusokota na kuweka pamba humu, tenki la kujengea mwenyewe halitakusumbua. Au kuna dripa zenye pini yenye tundu, unabonyeza chupa iliyo ndani ya modi na juisi inapanda yenyewe.

#12 Mgeni wa Mvuke

Nimerudi. Kwanza Mama Pili asante, nilikaa siku nzima bila kuvuta na kichwa kimetulia. Nimepata ya 3, yenye VG 70.

Pamba nimerudia mara nne. Ya nne imepita kama alivyosema Kibano, koili ikatikisika tu. Wati 40, pafu saba bila kuungua! Mikono mikavu.

Ila sasa kuna kitu kipya. Omu hazitulii. Nikiwasha inasoma 0.48, nikivuta mara mbili inaruka 0.61, kisha inarudi 0.5. Na mguu mmoja wa koili ya kulia unawaka kabla ya koili yenyewe.

#13 Kibano cha Kauri

Skrubu imelegea. Waya ukipata moto mara ya kwanza hujipanga upya, na kilichokuwa kimebana kinaachia. Acha ipoe kabisa, kaza huo mguu, halafu kaza na mingine mitatu hata kama inaonekana sawa. Angalia pia kama ncha ya waya imebaki ndefu inagusa kofia. Ikate iwe sawa na nguzo. Bisibisi iingie sawasawa kwenye kichwa, usikaze kama unafunga tairi la lori.

#14 Mgeni wa Mvuke

Nimekaza. Imetulia 0.47. Ila ushauri wa tairi la lori umechelewa kidogo, kichwa cha skrubu moja kimelika, bisibisi inazunguka bure.

#15 Ampea Tu

Toa betri kwanza. Kisha weka kipande chembamba cha mpira, kama wa glovu, kati ya bisibisi na skrubu, kandamiza sana, geuza taratibu. Ikitoka, usiirudishe. Kwenye boksi aliyokupa rafiki yako angalia kama kuna kimfuko kidogo cha nailoni. Humo huwa kuna skrubu za akiba na vile vipira vya duara.

#16 Mgeni wa Mvuke

Kimfuko kipo. Nilidhani ni ile dawa ya kuzuia unyevu, nilikuwa nimeshakitupa kwenye ndoo ya taka. Naenda kuchakura.